Feti Wakati wa Joto: Tupike Namna Gani?



Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kushika kabisa, ndio mwezi wa joto kali kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kisha unafika mwezi wa kumi na mbili: tarehe 4 ni Sainte Barbe, sikukuu ya watu wa mine, na nyuma yake Noeli na Bonane. Ndoa, batizo, matanga, feti ya ekipe: kila juma kuna nyungu kubwa juu ya moto. Ni furaha. Lakini sherti tujue kuilinda.

Hii niliiona mwenyewe. Siku ya posho moja ya mwezi wa kumi, kulikuwa ndoa katika kambi. Wamama walipika kuku ijumaa magaribi, wakaacha nyungu kubwa imefunikwa usiku kucha. Asubuhi wakapasha moto kidogo, watu wakala saa 13. Saa 22 mgonjwa wa kwanza aligonga mlango wa dispansere. Mbele ya jua kutoka walikuwa 19. Kulikuwa mtoto wa miaka 2, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Kulikuwa tena baba mmoja asiyefika kwenye ndoa. Alikuwa na poste ya usiku, bibi yake akamwekea sahani, akaibeba katika gamela. Karibu na mwisho wa poste miguu ilimlegea pembeni ya mashine. Wenzake walimshika. Bila wao, leo ningeandika habari ingine.

Wote walipona. Lakini nani alikosa? Chakula kilikuwa kizuri, wamama walinawa. Kosa lilikuwa saa.

KWA NINI JOTO LINAHARIBU CHAKULA?

Mikrobe ni kidudu ambacho jicho halikioni. Kikipata chakula na joto kinajigawa mara mbili karibu kila dakika 20. Mikrobe 1 inakuwa 8 nyuma ya saa moja, 512 nyuma ya saa 3, na zaidi ya milioni 2 nyuma ya saa 7. Inapenda joto la kati: juu ya digri 5 na chini ya digri 60. Baridi ya firigo inaichelewesha, moto mkali unaiua.

Sasa tazama nyungu kubwa ya nyama. Pembeni inapoa, katikati inabaki vuguvugu usiku kucha. Kuna mikrobe zingine zenye ganda gumu, zinapita katika moto bila kufa, kisha zinaamka katika vuguvugu ile. Zingine zinatoka katika kidonda cha kidole cha mpishi, zinaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Kwa hiyo usiseme: «Nitapasha tu.» Na usitegemee pua: chakula kinaweza kunuka vizuri na kuumiza.

TUPANGE FETI

1. Hesabu watu, kisha hesabu moto. Nyungu 4 za katikati juu ya mbabula 4 ni bora kuliko pipa moja. Omba mbabula kwa majirani mapema.

2. Hesabu saa kwa kurudi nyuma. Wageni watakula saa 14? Nyama iive karibu na saa 14, si jana. Jana tunaweza kununua mchele, kuchambua maharagi, kukata kuni. Kuku wachinjwe asubuhi.

3. Chakula kilichoiva kibaki juu ya makala, kinatoa moshi wa moto. Kikitoka motoni kisipite saa 2. Siku joto linapita digri 32, kisipite saa 1. Mayonezi na mayai yasikae juani hata kidogo. Wageni wakichelewa, pika mara mbili: nusu kwa wa kwanza, nusu kwa wa nyuma.

4. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse saladi mbele ya kuoshwa na sabuni. Mwenye kidonda mkononi, au anayeharisha, asipike, apange viti.

5. Maji ya kunywa yachemke kabisa, yapoe katika chombo chenye kifuniko. Barafu nayo ni maji: iliyotengenezwa na maji mabaya italeta kuharisha. Tusisahau kwamba kolera inarudi mara kwa mara katika Katanga yetu.

6. Munkoyo usitiwe katika ndoo ya zinki: uchachu wake unakula zinki, na watu watatapika. Na pipa au bidoni iliyotoka kiwandani na dawa za kuosha madini, au asidi, haifai kwa chakula wala maji, hata ukiosha mara mia.

7. Sahani ya baba aliye kazini itolewe kwanza, ingali ya moto, ipelekwe upesi katika firigo, na apashe hadi ichemke. Kama hakuna firigo, mwekee maharagi makavu au kuku mzima, apikiwe akirudi. Heshima yake haipungui.

KAMA UGONJWA UMEFIKA

Jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini. Katika litri 1 ya maji safi tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza. Angalia: chupa kubwa ya pombe haifiki litri 1. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika 10, uanze tena. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kimbia dispansere kama macho yameingia, kama hakojoi, kama kuna damu, au kama anaharisha maji tupu kama ya mchele. Wewe mfanyakazi, ukiharisha mwambie shefu wako mbele ya kushuka. Si haya. Haya ni kuanguka juu ya mwenzako.

MAULIZO YA NYUMBANI

Feti yenu ijayo, watu watakula saa ngapi? Nyungu itatoka motoni saa ngapi? Nani atapeleka sahani ya aliye kazini? Familia inayojua majibu haya matatu, mimi nitaiona kwenye feti, si kwenye dispansere.