Tuzikane bila kuulizana kadi

Ndugu msomaji, somo la wiki hii nalianza kwa kuungama, kwa hiyo univumilie.

Mwaka 1996, miezi michache baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, alifariki mzee mmoja katika kijiji chetu kule Pemba. Alikuwa mwanachama wa CCM, mmoja wa wachache waliobaki na kadi hiyo pale kijijini. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kukwea mkarafuu, nami nikimwita ami japokuwa hatuna nasaba. Habari ya msiba ilipotoka, kila mtu alijifanya hakusikia. Vijana kama kumi na tano tulikuwa barazani tukicheza karata. Tusi likapita mbele yetu limebebwa na watu sita, wawili kati yao wametoka kijiji cha jirani. Hakusimama hata mmoja wetu. Baadaye nikasikia kwamba watoto wake ndio waliochimba kaburi la baba yao kwa mikono yao, kwa kuwa hakutokea wa kuwasaidia.

Nilikuwa mtu mzima na akili zangu timamu. Nilikuwa najua vilevile, kwa kuwa nimesomeshwa chuoni tangu udogoni, kwamba kumkosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi, wengine wamesamehewa, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Sisi tulikuwa tumeigeuza hukumu hiyo kuwa faradhi ya chama. Wa kwao watamzika wao, wa kwetu tutamzika sisi.

Sisemi haya kwa kudai kwamba hasira yetu ilitoka hewani. Katika uchaguzi ule wa Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Waliotuhumiwa kuwa ni wapinzani wakaanza kupoteza kazi serikalini, na wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza la Wawakilishi. Watu walikuwa na madai ya haki, na wengi wao mpaka leo hawajalipwa. Lakini ami yule hakuhesabu kura yoyote. Hakumfukuza mtu kazi. Alikuwa na mashina manane ya mikarafuu na kadi ya chama.

Wanaodhani kwamba maradhi haya yaliletwa na vyama vya miaka ya tisini wawaulize wazee. Zipo zile tunazoziita “zama za siasa”, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Wakati huo vilikuwepo Hizbu, Afro-Shirazi, na kuanzia mwaka 1959 ZPPP. Watu walisusiana madukani, wakasusiana kwenye mabasi, wakasusiana misibani. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda upande mmoja na mmoja upande wa pili, pande zote mbili zikawa na viti 11. Kura moja tu ndiyo iliyoamua jimbo la Chake Chake! Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, na katika ghasia zilizofuata wakauawa watu 68. Ukitazama kwa makini utaona kwamba nchi hii imekuwa ikigawika nusu kwa nusu kwa zaidi ya miaka sitini. Nusu hailimalizi nusu. Kila aliyejaribu ameacha makaburi na hakuacha ushindi.

Viongozi nao wamejaribu kupatana. Mwaka 1999 uliwekwa Muafaka wa kwanza, aliyeusimamia akiwa Chifu Emeka Anyaoku, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola. Haukutekelezwa. Ukaja uchaguzi wa mwaka 2000, kisha maandamano ya Januari 27, 2001, ambapo waliuawa watu zaidi ya 30, na wapatao elfu mbili wakavuka bahari kwa madau hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, ambayo imezoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi wake. Oktoba mwaka huo ukatiwa saini Muafaka wa pili. Nao ukaishia njiani.

Likaja lile la Novemba 5, 2009. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar bila msuluhishi kutoka nje na bila ya waandishi kujua mapema. Siku mbili baadaye Maalim akawaambia wafuasi wake hadharani, pale Kibandamaiti, kwamba anamtambua Karume kuwa ni Rais. Wapo waliomzomea. Nilikuwa Dar es Salaam siku hiyo, jamaa akanipigia simu anatetemeka kwa hasira, ananiambia mzee katuuza. Baada ya miezi minane jamaa huyo huyo alipiga kura ya ndiyo katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyouliza kama wananchi wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim, tofauti ndogo kama ile ya 1995, lakini safari hii watu walilala majumbani mwao kwa amani na harusi zikaendelea.

Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya mia mbili iliopolewa. Waliokuwepo wanajua kwamba hakuna aliyeuliza maiti huyu wa wapi na alimpigia nani kura. Wavuvi walitoka na ngarawa zao usiku, wanawake wakaleta nguo na uji wa moto. Nikajiuliza, kwa nini ingekuwa vigumu vile mwaka 1996, na maiti alikuwa mmoja tu, tena tunamjua?

Baadhi ya wasomaji watasema, basi mambo yakaisha. Hayakuisha. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alifuta uchaguzi wote, ukarudiwa Machi 20, 2016, na CUF ikasusia. Na habari zikaanza tena kutoka Pemba, zile zile: mtu kakataliwa kuuziwa dukani, mihogo ya fulani imekatwa usiku, fulani kafariki hakuzikwa na jirani zake. Miaka mitano ya maridhiano ikayeyuka kwa wiki chache. Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa sasa ACT-Wazalendo, aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu. Februari 17, 2021 akafariki, akazikwa kwao Mtambwe.

Hapa ndipo ninapotaka tujifunze kitu. Mapatano haya yote yalikuwa ya juu. Yalipangwa na watu wawili, au watu sita, au kamati. Siyadharau, kwani yameokoa roho. Lakini kitu kilichojengwa juu ya urafiki wa wakubwa wawili huanguka mkubwa mmoja akiondoka au akibadilika. Chini, katika shehia na mitaa, hatukuwa na mapatano yetu wenyewe. Tulisubiri wakubwa wapeane mikono ndipo na sisi tusalimiane, na wakigombana tunarudi kwenye karata zetu barazani.

Katika sira ya Mtume (SAW) upo mfano ambao maustadhi wetu huupitia haraka haraka wakielekea kwenye utume. Ni Hilful Fudhul. Mtume alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alileta bidhaa Makka, akazinunua Al-As bin Wail, mkubwa wa ukoo wa Sahm, kisha akakataa kulipa. Yule mgeni akawaendea koo zilizokuwa na mkataba na Banu Sahm, zikamfukuza. Kwa lugha yetu ya leo, alikwenda kwa chama cha aliyemdhulumu, wakamwambia huyo ni mwenzetu. Mgeni akapanda jabali la Abu Qubays wakati Maquraishi wamekaa kando ya Al-Kaaba, akalia dhulma yake kwa sauti. Akasimama Zubayr bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume. Wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an watu wa Banu Hashim, Banu Muttalib, Asad, Zuhra na Taym, wakala chakula, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa hadi haki yake irudi. Wakamwendea Al-As, wakaichukua mali, wakamrudishia mwenyewe.

Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, wale hawakukubaliana kuhusu nani aongoze Makka. Kila ukoo ulibaki na fahari yake na mashairi yake ya kujisifu. Walikubaliana juu ya jambo moja dogo lenye mipaka. Na jambo hilo lilitosha, kwani Mtume (SAW) baada ya kupewa utume alisema kuwa lau angeitwa kwenye mkataba ule katika Uislamu angeitikia. Na ulikuwa mkataba wa washirikina!

La pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu tumechoshwa na mahubiri ya umoja. Kila penye uchaguzi uliovurugwa hutokea mtu mwenye kanzu safi akatuambia tudumishe umoja, tusahau yaliyopita. Maana ya maneno yake ni kwamba aliyedhulumiwa anyamaze. Hilful Fudhul haikuwa umoja wa namna hiyo. Ilikuwa umoja wa kurudisha haki, na mwenye kuogopa ni Al-As. Wanahistoria wa sira wamepokea kwamba miaka mingi baadaye Sayyidna Hussein bin Ali alizozana juu ya mali na Al-Walid bin Utba, gavana wa Madina, ambaye ni mtoto wa ndugu yake Muawiya. Hussein akamwambia: nitendee haki, ama nitachukua upanga wangu nisimame msikitini kwa Mtume niite Hilful Fudhul. Abdullah bin Zubayr akasema ataitikia. Miswar bin Makhrama akasema vivyo hivyo, na Abdurrahman bin Uthman wa Banu Taym. Hawa walikuwa watu wa koo mbalimbali. Gavana akalipa. Mkataba wa mtaani, uliofungwa kabla ya utume, ukamrudisha nyuma gavana!

Kwa hiyo anayeniuliza kama naitaka serikali ya umoja, namjibu kuwa naitaka, lakini kwanza nataka tufunge Hilful Fudhul ya mtaa. Jirani wa CCM akikatiwa mihogo, wa kwanza kwenda kwa sheha kushitaki awe jirani wa upinzani. Kijana wa upinzani akikamatwa usiku bila kosa, wa kwanza kusimama kituoni awe mzee wa CCM mwenye kadi ya zamani. Hapo ndipo mkubwa atakapoona taabu kutugawa. Najua ni maneno mepesi kuandika gazetini. Pale barazani mwaka 1996 kusimama tu lilipita tusi lilinishinda.

Hapa Dar es Salaam, mtaani kwetu, tunao mfuko wa maziko wa watu tuliotoka Visiwani. Ulianza kwa mchango wa shilingi elfu moja kwa mwezi kwa kila nyumba, na sasa tunanunua sanda kwa jora zima, na tunalo tusi letu la chuma. Katika uchaguzi wa 2015 nusura uvunjike. Mjumbe mmoja alikuja kikaoni amevaa fulana ya mgombea, mwingine akatoka kwa hasira, michango ikasimama miezi miwili. Tulipokaa tena ilitubidi tuandike masharti ambayo mwanzoni hatukudhani yangehitaji kuandikwa. Haji mtu mazikoni wala kikaoni na nguo ya chama. Hatangazi mtu habari za siasa mbele ya wafiwa. Hakuna mwanachama wa mfuko atakayenyimwa sanda kwa sababu ya deni la mchango, maana tuligundua kwamba deni lilikuwa limegeuzwa kisingizio cha kuwanyima wa upande wa pili. Na mwenye kutendewa jambo lisilo la haki, awe wa chama chochote, mfuko unamtolea watu wawili wa kumsindikiza popote anapokwenda kushitaki. Sharti hili la mwisho lilizua ubishi kuliko mengine yote. Wengine waliogopa. Lilipita kwa kura, na tumelitumia mara tatu.

Yule aliyekuja na fulana ndiye anayeshika daftari la michango hadi leo. Aliyetoka kwa hasira ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha tusi. Maiti akitokea usiku, hawana budi wapigiane simu.