Homoni na Njia ya Mkojo ya Mwanamke

Mjane mwenye umri wa miaka 58 afika zahanati akilalamika kwamba mkojo unamchoma, na kwamba usiku huamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Apewa vidonge vya kuua bakteria. Baada ya miezi miwili arudi na malalamiko yale yale, naye apewa vidonge vingine. Safari ya tatu aanza kutazamwa kwa jicho la mashaka, kana kwamba ana kisonono, au aambiwa kuwa hajui kujisafisha. Mara nyingi tuhuma zote mbili hazina msingi. Chanzo cha taabu yake ni badiliko la mwili ambalo kila mwanamke afikiaye umri huo hulipitia, nalo ni kupungua kwa homoni iitwayo estrojeni.

Homoni ni kemikali zitengenezwazo na tezi na kuchukuliwa na damu, zikapeleka amri mahali palipo mbali na zilikotoka. Lakini amri hiyo hupokewa tu na seli zenye vipokezi vyake. Wengi hudhani kwamba vipokezi vya estrojeni vimo katika uterasi na matiti peke yake. Sivyo. Vimo pia katika uke, katika mrija utoao mkojo nje, na katika sehemu ya chini ya kibofu. Jambo hili si la ajabu, kwani mtoto angali tumboni mwa mamaye, mrija huo na sehemu ya chini ya uke hutokana na chimbuko moja. Hata ugunduzi wenyewe wa estrojeni una uhusiano na mkojo: mwaka 1929 Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waliipata estrojeni ya kwanza iliyo safi kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito.

Sasa tuangalie kazi yake. Katika umri wa kuzaa, estrojeni huufanya utando wa uke kuwa mnene na wenye akiba ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa. Sukari hiyo ni chakula cha bakteria wema waitwao laktobasili, ambao Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Bakteria hao hutoa asidi ya laktiki, nayo huishusha pH ya uke hadi kati ya 3.8 na 4.5. Katika uchachu huo bakteria wa utumbo mpana, hasa yule aitwaye Escherichia coli, hawapati makao. Huo ni ulinzi mkubwa tukikumbuka kwamba mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, ilhali wa mwanamume hufikia 20, na kwamba tundu lake li karibu sana na uke na njia ya haja kubwa.

Hedhi ikishakoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ovari huacha kutoa estrojeni kwa wingi. Utando huwa mwembamba na mkavu, glikojeni hupungua, laktobasili hutoweka, na pH hupanda kupita 5. Mlango umebaki bila bawabu. Mrija wenyewe nao hudhoofika. Chini ya utando wake mna mishipa mingi midogo ya damu iufanyayo uvimbe kidogo na kuziba barabara, kama kipande cha mpira kilichomo ndani ya bomba la maji. Mpira ukichakaa bomba huvuja; ndivyo baadhi ya wanawake wavujavyo mkojo kidogo wakikohoa, wakicheka, au wakijitwika ndoo. (Uvujaji wa mfululizo, mchana na usiku, baada ya uzazi wa shida ni jambo jingine kabisa: hiyo ni fistula, yaani tundu, na tiba yake ni upasuaji.)

Hapa hatuna budi kutenga mambo mawili. Mkojo unaweza kuchoma kwa sababu ya bakteria, au kwa sababu ya wembamba na ukavu wa utando peke yake. Dalili hufanana, lakini dawa ya bakteria haimfai mgonjwa wa pili hata akiimeza mwaka mzima. Humpa bakteria wa tumboni mwake nafasi ya kuwa sugu. Kwa hiyo mkojo upimwe, na ikiwezekana uoteshwe maabara, kabla ya vidonge kununuliwa. Kujiosha ndani kwa sabuni nako ni kosa, maana huwafukuza laktobasili wachache waliosalia.

Je, homoni ikirudishwa, ulinzi hurudi? Mwaka 1993 Raul Raz na Walter Stamm walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 93 waliokoma hedhi na waliokuwa wakiambukizwa mara kwa mara. Waliopaka ukeni malhamu ya estrioli, ambayo ni aina ya estrojeni, waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka. Waliopewa malhamu isiyo na dawa waliugua mara 5.9. Laktobasili walirejea, na pH ikashuka hadi 3.8. Vidonge vya kumeza havikuwa na sifa hiyo: uchunguzi wa Marekani wa wanawake zaidi ya 23,000, uliotangazwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa waliomeza homoni walizidi kuvuja mkojo. Malhamu huandikwa na daktari, na aliyepata kuugua saratani ya matiti sharti amwarifu kwanza.

Mama anyonyeshaye huonja ukavu huo huo kwa muda, kwani estrojeni yake iko chini. Mjamzito shida yake ni tofauti. Homoni ya projesteroni huilegeza mirija iletayo mkojo kutoka figoni, na uterasi inayokua huikandamiza, zaidi ule wa kulia. Mkojo hutuama, na bakteria hupanda. Kati ya wajawazito 100, 2 hadi 10 huwa na bakteria katika mkojo bila kusikia maumivu yoyote, na wasipotibiwa, robo yao au zaidi huweza kupata ugonjwa wa figo, ambao huweza kuharakisha uzazi kabla ya siku zake. Hao hutibiwa hata kama hawaumwi. Bibi wa miaka 70 aliyekutwa na bakteria bila dalili yoyote, kwa kawaida huachwa bila dawa.