Kununua Nyumba Kindu: Karatasi Kwanza, Dola Baadaye

Katika miji mingi ya Kongo utaona ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: nyumba hii haiuzwi. Mwenye nyumba ameandika hivyo kwa sababu anajua kwamba mtu mwingine, pengine ndugu yake wa damu, anaweza kuiuza yeye akiwa safarini. Hapa Kindu habari ya nyumba hutembea kwa mdomo. Komisyonere, yaani dalali, anamwambia rafiki, rafiki anamwambia shemeji, na kabla ya Jumapili mtu ameshatoa avansi. Vidokezo hivi ni kwa wewe ambaye pesa bado iko mkononi mwako, pesa uliyoikusanya kwa miaka. Usiitoe kabla ya kusoma mpaka mwisho.

1. Jua unachonunua

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote ni mali ya Leta, yaani serikali, na Leta haiuzi udongo. Inachotoa ni konsesyo, yaani haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupata konsesyo ya kudumu, mgeni anapata ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Kwa hiyo muuzaji anakupa vitu viwili: nyumba, na haki yake juu ya parseli. Kama hiyo haki hana, amekuuzia matofali na mabati tu.

2. Soma jina la karatasi, si muhuri wake

Mihuri ni mingi na haimalizi neno. Fishi ya parseli kutoka komini inaonyesha nani anakaa hapo. Acte de vente inaonyesha kwamba watu wawili walipatana. Contrat de location ni ruhusa ya muda usiozidi miaka mitatu, ili mtu ajenge na kustawisha kiwanja. Kwa parseli iliyogawiwa na Leta, sheria ya 1973 inatambua uthibitisho mmoja tu wa haki: certificat d'enregistrement. Zote nyingine ni hatua za njiani.

Cheti hicho hutengenezwa kwa nakala mbili. Moja anapewa mwenye parseli, nyingine inabaki katika kitabu kwa Konservatere wa hati za nyumba na ardhi, na kila moja ina namba ya volume na folio. Nakili namba hizo, nenda mwenyewe ofisini, omba zilinganishwe na kitabu. Angalia pia kama kuna deni la benki lililoandikwa juu yake, maana rehani ya nyumba huandikwa humo humo. Usimtume komisyonere akuangalilie. Yeye analipwa biashara ikifungwa, halipwi ikivunjika.

Ukikuta muuzaji hana cheti, si lazima ukimbie. Parseli nyingi za mji wetu hazijafika hatua hiyo. Lakini bei ishuke kulingana na karatasi iliyopo, na mpatane kwa maandishi nani atalipa gharama za kufika kwenye cheti.

3. Linganisha tarehe na historia

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda zaidi, kwa sababu hakidai pesa na kinakamata karatasi za uongo haraka. Nchi yetu iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Mkoa wetu wa Maniema ulitengwa na Kivu mwaka 1988. Faranga ya Kongo ilirudi katikati ya 1998. Kabla ya hapo, tangu 1967, watu walihesabu kwa zaire.

Sasa chukua karatasi ya muuzaji. Imeandikwa 1985, na juu kabisa inasema Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mkoa wa Maniema? Mwaka huo karatasi halali ingesema Zaire, na ingesema Kivu. Mapatano ya kuuziana ya 1990 yenye bei kwa faranga za Kongo? Pesa hiyo haikuwepo mwaka huo. Kama ni duplikata iliyotolewa baadaye, sawa, lakini basi iwe na tarehe yake mpya ya kutolewa na saini ya aliyeitoa. Na wewe pia uwe mwadilifu: cheti cha zamani chenye jina la Kivu au Zaire si cha uongo kwa sababu hiyo. Mara nyingi ndicho cha kweli.

Kumbuka vilevile vita. Waasi wa RCD waliingia Kindu Oktoba 1998, na watu wengi walikimbia wakaacha nyumba na masanduku ya karatasi. Muuzaji akisema karatasi zake zilipotea wakati ule, inaweza kuwa kweli kabisa. Kitabu cha Konservatere na wazee wa avenyu ndio watakaomsaidia, na wakimsaidia wanakusaidia na wewe.

4. Zungumza na familia nzima, sio na papa peke yake

Kesi nyingi za nyumba zinaanzia sebuleni, hazianzii ofisini. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai kibali cha mume na mke wote wawili ili haki ya ardhi au nyumba ihamishwe, hata kama walioana kwa mpango wa kila mtu na mali yake. Papa akikuambia "mama hana shida", mwombe mama huyo aketi nanyi, asikie bei, atie saini mbele yako. Asipotaka kutia saini, nyumba hiyo haiuzwi bado.

Nyumba ya marehemu ni kazi kubwa zaidi. Watoto wote wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, pamoja na wale wa nje ya ndoa aliowatambua akiwa hai, na wana robo tatu ya urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na mumewe. Kaka wa marehemu anayekuja na funguo na kusema "mimi ndiye mkubwa wa familia" hawezi kuuza peke yake. Omba majina ya watoto wote, hata aliye Goma, Kisangani au Lubumbashi. Omba maandishi ya baraza la familia na hati inayomtambulisha msimamizi wa urithi. Kama mtoto mmoja hajulikani aliko, subiri. Atarudi siku moja, na atakuta wewe ndiye unayekaa kwa baba yake.

Na kama kuna mjane anayeishi humo, usikubali kuambiwa kwamba "atahamishwa". Kununua nyumba kwa kumtoa mama mzee nje ni ubaya, na ni kesi.

5. Salimia majirani wa pande zote nne

Nenda asubuhi, nenda tena jioni, bila komisyonere. Uliza: mpaka uko wapi? Bone za kadastre, yaani alama za mpaka, ziko? Kuna mtu aliwahi kugombana hapa? Kisha mwone shefu wa kartie, maana ndiye anayepelekewa ugomvi wa kwanza. Baadaye lipia mtu wa kadastre aje kupima mbele ya majirani hao hao. Vipimo vya cheti vikipishana na vya uwanjani, biashara isimame pale.

6. Itembelee mvua ikinyesha

Wauzaji wanapenda kuonyesha nyumba kati ya Juni na Agosti, wakati njia ni kavu na kila ua unapendeza. Wewe rudi mvua ikiwa imekolea. Tazama maji yanapita wapi, kama yanaingia chooni, kama yamechimba korongo kuelekea msingi. Karibu na mto Lualaba tazama alama ya maji kwenye kuta za majirani na uulize mto ulifika wapi ulipojaa. Kitanda cha mto ni mali ya umma, hata siku ambazo maji yameondoka na kuacha mchanga mzuri.

7. Alunguli: hesabu mto

Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ng'ambo, na Kindu haina daraja juu ya Lualaba. Nyumba ya Alunguli inaweza kuwa nzuri sana, hasa kwa anayefanya biashara ya njia ya Kalima. Lakini kama kazi yako na shule ya watoto viko Kasuku, hesabu nauli ya mtumbwi kwa mwezi, kisha kwa mwaka. Hesabu pia usiku ambao mtoto ataamka na homa kali.

8. Kaa mbali na ardhi ya reli, uwanja wa ndege na nyumba za Leta

Reli ilifika hapa miaka ya kwanza ya karne iliyopita, na mji umeota kuizunguka. Shirika la reli, SNCC, bado lina viwanja na nyumba zake. Mtu aliyepewa nyumba kama mfanyakazi, au aliyebaki humo miaka mingi baada ya kazi kwisha, hana cha kuuza. Vivyo hivyo kwa nyumba za Leta na ukanda wa uwanja wa ndege.

9. Piga bei ya matengenezo kabla ya kupiga bei ya nyumba

Tofali la kuchoma na mbao tunavyo. Saruji haitengenezwi Maniema: inatoka mbali, kwa reli au kwa barabara ambazo wote tunazijua, na bei yake inafuata safari hiyo. Nyumba yenye msingi uliopasuka inaweza kula pesa nyingi kuliko ulizoinunulia. Ingia na fundi wako mwenyewe, agonge mbao za dari kutafuta mchwa, apande juu kuona misumari ya bati. Kuhusu maji na umeme, usiulize kama bomba la REGIDESO na waya wa SNEL vimefika. Waulize majirani ni siku zipi vinafanya kazi.

10. Pesa itembee mchana

Bei itatajwa kwa dola, na noti yenye mpasuko mdogo itakataliwa, kwa hiyo zikague zote kabla ya siku ya malipo. Lipa kupitia benki ikiwezekana. Kama ni mkononi, iwe mbele ya notere na mashahidi wa pande zote mbili, kila noti ihesabiwe, kila awamu iwe na risiti. Avansi isitolewe kabla ya vidokezo vya 2, 4 na 5 kumalizika, hata ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho. Kama yupo kweli, mwache aje.

11. Usiishie kwenye acte de vente

Wengi wanafika hapa, wanafurahi, wanapika, wanahamia, na cheti kinabaki na jina la muuzaji kwa miaka ishirini. Mbele ya sheria nyumba bado ni yake, na watoto wake wanaweza kuirithi. Peleka acte iliyothibitishwa na notere kwa Konservatere pamoja na cheti cha zamani, lipa mutation, yaani gharama ya kubadilisha jina, na udai risiti ya kila malipo ya ofisini. Gharama hiyo iulize mwanzoni na uiweke kando, isije ikaliwa na saruji. Cheti kipya kitaandikwa jina lako, na miaka miwili ikipita bila mtu kukipinga, sheria inakipa nguvu ambayo ni vigumu sana kuitikisa. Miaka hiyo miwili haianzi kuhesabiwa siku uliyohamia, kwa hiyo anza mutation wiki ile ile unayomaliza kulipa.