DAMU YA MFUKONI HUISHI SIKU NGAPI?

Mdogo wangu alipougua malaria hadi viganja vikapauka, aliongezewa damu hapa Kisumu. Mfukoni niliona tarehe mbili: ya kutolewa na ya mwisho wa matumizi. Kati yake, siku 35. Nikajiuliza, nani alihesabu? Mbona zisiwe 50?

Chembe nyekundu huishi mwilini siku 120 hivi. Katika friji, kwenye nyuzi 2 hadi 6, hutumia sukari iliyotiwa mfukoni, lakini huchoka polepole, zikaacha umbo la kisahani na kuota miiba. Zikitiwa mwilini hivyo, wengu na ini huziondoa upesi. Basi kuziangalia mfukoni hakutoshi. Sharti ujue ngapi zimebaki ndani ya mtu.

Utazitambuaje na zote ni nyekundu? Mwaka 1919 Winifred Ashby, kule Marekani, alitumia hila ambayo hata mpishi wa nyoyo angeielewa. Mgonjwa wa kundi A alitiwa damu ya kundi O. Kisha Ashby akachukua damu kidogo ya mgonjwa huyo, akaongeza serumu inayoshikamanisha chembe za A tu. Za mwenyeji zikashikana mafungu mafungu. Zile za O, yaani wageni, zikabaki moja moja, akazihesabu kwa hadubini. Ni kama kuchambua maharagwe yote, halafu uhesabu mahindi! Wengi walidhani wageni hufa upesi, lakini yeye aliwakuta hata baada ya mwezi.

Baadaye ikaja kromiamu 51, yenye mnururisho. Mtu mzima mwenye afya hutoa damu, ikahifadhiwa, kisha kiasi kidogo hutiwa alama na kurudishwa kwake mwenyewe. Baada ya saa 24 hupimwa chembe zilizosalia. Marekani hudai wastani usipungue asilimia 75. Kwa dawa ya kuhifadhia iitwayo CPDA-1, mwisho ni siku 35.

Lakini jamani, mtu mzima mwenye afya si mtoto wa malaria. Jibu la hilo lilitoka kwa jirani zetu, hospitali ya Mulago, Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu watoto 290 waliopungukiwa damu vibaya. Baadhi walipewa damu ya siku 1 hadi 10, wengine ya siku 25 hadi 35. Asidi ya laktiki, inayozidi mwili ukikosa oksijeni, ilishuka karibu sawa kwa wote.

Mfuko wa mdogo wangu ulikuwa na siku 29.