Kasi na kiasi: somo la kupanga umeme wa jua nyumbani Musienene

1. Utangulizi

Musienene iko katika wilaya ya Lubero, kwenye barabara ya taifa namba 2, kusini kidogo ya mji wa Butembo. Mabwawa makubwa ya nchi yetu, Inga I la mwaka 1972 na Inga II la mwaka 1982, yako upande wa pili wa nchi, na laini yake ndefu ya umeme, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inaelekea Kolwezi, si huku kwetu. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme, na katika sehemu za Beni na Lubero mito imeanza kutumika kwa kazi hiyo. Lakini nyumba nyingi za vijijini bado zinategemea jua.

Kwa nini jambo hili liletwe katika jarida la kitivo cha lugha? Kwa sababu kosa kubwa katika kununua umeme wa jua hutokea kabla ya fundi kupanda juu ya bati. Hutokea katika mazungumzo ya dukani. Mnunuzi anasema: "Nataka umeme wa kutosha nyumba yangu." Muuzaji anajibu: "Chukua konvertiseri hii, ni ya wati 1000." Hakuna aliyesema uongo, ila jibu halikulijibu swali. Mnunuzi ameuliza juu ya kiasi, naye ameelezwa kasi. Fedha ya mavuno ya maharage, viazi au kahawa inatoka mfukoni, na baada ya miezi michache taa zinazimika saa 2 usiku.

Somo hili lina lengo moja: kumwezesha msomaji kutenganisha maneno hayo mawili, kisha kuyatumia kupanga umeme wa nyumba moja, hatua kwa hatua.

2. Maneno kabla ya waya

Vifaa vinavyouzwa Butembo vinapitia zaidi mpaka wa Kasindi, vikiwa na maandishi ya Kiingereza au Kichina juu ya maboksi. Fundi amejifunza kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo anasema pano, batri, regilateri na konvertiseri. Mteja anaelezwa kwa Kiswahili, kisha anarudi nyumbani kuwaelezea wazee kwa Kinande. Katika safari hiyo ya lugha nne au tano, majina ya vifaa yanafika salama. Kinachoanguka njiani ni vipimo.

Tuchukue bidoni ya lita 20 chini ya bomba. Bomba linatoa lita 5 kila dakika: hiyo ni kasi. Bidoni ikijaa ina lita 20: hicho ni kiasi. Bomba lenye kasi kubwa halisaidii kitu ikiwa tangi lina lita 3 tu. Na tangi kubwa sana halimfai anayetaka kuzima moto kwa bomba jembamba.

Katika umeme, wati ni kasi na wati-saa ni kiasi. Taa ya wati 5 inatumia umeme kwa kasi ya wati 5. Ikiwaka saa 4, imetumia 5 × 4 = wati-saa 20. Tuangalie pia sarufi. Watu husema "wati kwa saa", wakifuata mfano wa "kilomita kwa saa". Lakini "kwa" katika vipimo ni alama ya kugawanya, na hapa tunazidisha. Kwa hiyo tuseme na tuandike "wati-saa", bila "kwa". Kosa hilo lipo pia katika Kifaransa cha kila siku, basi tusifikiri kwamba ni udhaifu wa Kiswahili.

Neno "nguvu" nalo lina mzigo mzito. Tunasema batri ina nguvu, pano ina nguvu, konvertiseri ina nguvu. Katika pano na konvertiseri tunataja kasi. Katika batri, mara nyingi tunataja kiasi. "Nishati" linafaa kwa kiasi, lakini ni neno la vitabu, halijazoeleka sokoni. Kasi na kiasi kila mtu anayajua, hata mama anayechota maji.

Mifano miwili inatosha kuonyesha faida yake. Pasi ya umeme ya wati 1000 ikitumika dakika 10 inakula wati-saa 167 hivi: kiasi si kikubwa, lakini kasi ni kubwa mno, kwa sababu katika batri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80. Friji ndogo ya wati 70 ina kasi ya upole, lakini mota yake ikifanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku, inakula wati-saa 700. Pasi inaangusha konvertiseri. Friji inamaliza batri. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

3. Hatua ya kwanza: hesabu ya mahitaji

Tuchukue familia ya watu 6 yenye nyumba ya vyumba vinne. Hatuanzi na vifaa vya dukani; tunaanza na matendo ya nyumbani na muda wake.

– Taa 4 za LED za wati 5, saa 5 kila moja: wati-saa 100
– Taa 1 ya nje ya wati 3, saa 10: wati-saa 30
– Simu 4, wati-saa 15 kila moja: wati-saa 60
– Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30
– Televisheni ndogo ya wati 30, saa 4: wati-saa 120
– Kompyuta ya mwanafunzi ya wati 40, saa 3: wati-saa 120

Jumla ni wati-saa 460 kwa siku. Kupika hakumo, makala na kuni vinabaki jikoni, kwa sababu jiko la umeme lingehitaji mpango mwingine kabisa. Orodha hii iandikwe mbele ya watu wote wa nyumba. Baba anaweza kusahau taa ya nje, lakini anayetoka usiku kwenda kuangalia mbuzi hataisahau.

4. Hatua ya pili: jua la kwetu

Tuko karibu na ikweta. Mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, na jua linazama mnamo saa 12 jioni. Lakini saa 12 za mchana si saa 12 za umeme. Asubuhi mwanga ni dhaifu, na miezi ya mvua mawingu yanaziba milima. Mafundi hukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kana kwamba ni saa chache za jua kali. Kwa nyanda zetu za juu, anayetaka kulala kwa amani apange kwa saa 4. Apange kwa miezi ya mvua nyingi, si kwa Januari au Julai mbingu zinapokuwa safi. Mpango unaopendeza Julai unaweza kukuaibisha Novemba.

5. Hatua ya tatu: paneli

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni kasi iliyopimwa katika maabara, kwa mwanga mkali na kwa joto la digrii 25 ndani ya paneli. Juu ya bati la moto, kasi inapungua. Vumbi, waya na batri navyo vinakula sehemu yao. Kwa hiyo tunahesabu kwamba katika kila wati-saa 100 zinazoingia, 70 tu ndizo zitakazofika kwenye taa.

460 ÷ 0.7 = wati-saa 657 za kuzalishwa kila siku.
657 ÷ saa 4 = wati 164.

Familia inunue paneli ya wati 200, au mbili za wati 100. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, paneli haihitaji kuinuliwa sana. Digrii 10 hivi zinatosha ili mvua iioshe na maji yasituame. Muhimu zaidi ni kivuli: mti wa parachichi unaofunika kona moja ya paneli unaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu seli za paneli zimefungwa kwa mfululizo, na moja ikilala inazuia wenzake.

6. Hatua ya nne: batri

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Familia inataka usiku mmoja na akiba ya siku moja ya mawingu, yaani siku 2: 460 × 2 = wati-saa 920.

Batri ya risasi, ile yenye asidi, haipendi kumalizwa. Ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, umri wake unafupika sana. Basi tunahitaji mara mbili: wati-saa 1840. Tukigawanya kwa volti 12, tunapata ampea-saa 153. Familia ichukue batri 2 za ampea-saa 100. Batri ya lithiamu inavumilia kushushwa zaidi, hadi asilimia 80: 920 ÷ 0.8 = wati-saa 1150, kwa volti 12.8 ni ampea-saa 90, kwa hiyo moja ya 100 inatosha. Bei yake ya kununua ni kubwa, lakini inadumu miaka mingi zaidi. Ulinganishaji wa haki ni wa bei kwa mwaka, si wa bei ya leo.

Mitego miwili ya maneno inakaa hapa. Wa kwanza ni "batri ni batri". Batri ya gari imeundwa kutoa kasi kubwa sana kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Haikuundwa kutoa kiasi polepole usiku kucha. Wa pili ni wa namba kubwa. Kibatri cha kuchajia simu kinaandikwa miliampea-saa 20,000, na batri ya nyumba ampea-saa 100. Anayesoma namba tu anaona 20,000 imeshinda. Lakini miliampea-saa 20,000 ni ampea-saa 20, kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Ampea-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1200. Ampea-saa haiwi kiasi cha umeme mpaka izidishwe kwa volti.

7. Hatua ya tano: viungo

Regilateri hulinda batri isijazwe kupita kiasi, na nyingi huzuia pia isimalizwe. Kwa paneli ya wati 200 katika volti 12, ya ampea 20 inafaa. Konvertiseri hugeuza umeme wa batri kuwa wa volti 220. Ichaguliwe kwa kasi: kompyuta na televisheni pamoja ni wati 70, basi ya wati 300 inatosha. Ile ya wati 1000 ya dukani haiongezi hata wati-saa moja. Ikiachwa ikiwaka bure inakula za batri.

Waya nao una hesabu yake. Paneli hii ikitoa ampea 11 kwa umbali wa mita 10, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti 1.6 hivi njiani. Wa milimita za mraba 6 unapoteza volti 0.7. Waya mwembamba ni nafuu siku ya kwanza tu.

Batri iwekewe fyuzi karibu na nguzo yake chanya. Ya asidi isikae chumba cha kulala, kwa kuwa inapojazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, na iongezwe maji safi ya batri, si ya mto. Hatimaye tukumbuke kwamba Kiswahili kinaita "umeme" kile cha waya na kile cha mbinguni. Katika utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016, Kabare ya Kivu ya Kusini ilishika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa umeme wa mawingu, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Fremu ya paneli iunganishwe na ardhi, na dhoruba ikikaribia, waya wa paneli utenganishwe.

8. Hitimisho

Mnunuzi aingie dukani na karatasi yake na maswali matatu: Kifaa hiki kina kasi gani, kwa wati? Batri hii ina kiasi gani, kwa wati-saa, na ninaruhusiwa kutumia sehemu gani? Paneli hii itanipa wati-saa ngapi siku ya mawingu? Muuzaji mwema atafurahi kuyajibu. Sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kuandika maswali haya kwa Kiswahili na Kinande na kuyabandika mahali watu wanaponunua. Kazi hiyo haihitaji mhandisi; inahitaji mtu anayejua kwamba maneno mawili si neno moja.

Mazoezi

1. Kinyozi ana mashine ya wati 10 inayofanya kazi saa 6, na taa 2 za wati 5 kwa saa 4. Anahitaji paneli ya wati ngapi?
2. Sahihisha: "Batri yangu ni ya wati 200 kwa saa."
3. Batri ya risasi ina maandishi "12 V 7 Ah". Bila kuishusha chini ya nusu, itawasha taa ya wati 5 kwa saa ngapi?

Majibu: (1) Wati-saa 100 kwa siku, paneli ya wati 36, basi anunue ya 50. (2) "Batri yangu ni ya wati-saa 200." (3) Wati-saa 84, nusu yake 42, saa 8 na dakika 24.