Shangazi, nimekata sukari lakini deni halikatiki



*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lusahunga wilayani Biharamulo. Nina kibanda cha chakula karibu na wanapolala malori ya Rusumo na Kabanga. Siku nzuri napata faida ya 20,000, siku mbaya 8,000. Baba watoto anaendesha bodaboda ya mkataba. Bosi anataka hesabu ya 10,000 kila siku, kinachobaki ndicho kinaletwa nyumbani, mara 5,000, mara hakuna kitu.*

*Mwaka jana wifi yangu alifanyiwa sendofu. Mimi ni mke wa kaka mkubwa, nikaletewa kadi ya 100,000. Sikuwa nayo. Nikachukua mkopo wa kausha damu 300,000, nikatoa mchango, nikanunua sare, iliyobaki nikaitia kwenye biashara. Rejesho ni 13,000 kila siku kwa siku 30. Toka hapo nikimaliza nachukua mwingine wa kiasi kilekile. Huu nilio nao ni wa nne, umebaki siku 12. Biashara ilipoyumba nikachukua 200,000 kwa mtu mwingine ili nisikose rejesho la wa kwanza. Huyo nampa 10,000 kwa siku, bado siku 20.*

*Kikundini nadaiwa 220,000, lakini kule najitahidi sana, kila Jumatano nanunua hisa mbili za 5,000 na sijawahi kukosa. Hisa zangu zimefika 340,000. Dukani nadaiwa 65,000, kwenye simu 18,000. Madereva nao nawadai kama 140,000, ila hao ni wateja siwezi kuwabana.*

*Nimepunguza matumizi mpaka basi. Tulikuwa tunatumia 9,000 kwa siku, sasa 6,000. Sukari nimekata, maziwa ya uji nimekata, nyama tumeisahau. Mume wangu hajui habari za kausha damu. Na juzi nimeletewa kadi nyingine, harusi ya jirani, 50,000. Shangazi, nibane wapi tena?*

*Mama Watatu, Lusahunga*



Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, maana wewe ni mtu wa hesabu. Wengi huniandikia "nina madeni mengi" basi, kama anayemwambia daktari "naumwa". Wewe umetaja kila senti. Kwa hiyo nami nitakujibu kwa senti.

Kutoka 9,000 hadi 6,000 umeokoa 3,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni 90,000. Sasa chukua mkopo wako wa kausha damu: umepewa 300,000, unarudisha 13,000 mara 30, yaani 390,000. Riba ni 90,000. Umeona? Sukari, maziwa na nyama ya watu watano kwa mwezi mzima vimelipa riba ya mkopo mmoja. Mkopo wenyewe haujaguswa, na yule wa pili bado anabisha hodi asubuhi.

Ndiyo maana nakwambia usitafute tena pa kubana jikoni. Marejesho yako ni 23,000 kwa siku na siku yako nzuri kabisa ni 20,000. Hata familia nzima mkifunga kula, hesabu hiyo haifungi. Sufuria yenu haikukopa. Iliyokopa ni kadi ya sendofu.

Hapo nitakaa kidogo, mnisamehe wenye harusi zenu. Mimi mwenyewe niliwahi kukopa kwa ajili ya sare ya harusi ya binamu, kitenge doti mbili na fundi juu. Kitenge kilipauka deni likiwa bado linang'aa. Mke wa kaka mkubwa ana heshima yake, najua, na kikao cha familia kinajua kuisoma heshima hiyo kwa sauti mbele ya watu. Lakini umelipia mchango wa 100,000 kwa mikopo minne. Ukimaliza huu ulio nao, riba peke yake itakuwa 360,000. Wifi yako yuko kwake, hata rangi ya vitambaa vya meza ameshaisahau.

Hii kadi ya jirani irudishe na 10,000 ndani ya bahasha na ahadi ya mikono yako miwili. Wewe ni mpishi wa kulisha madereva. Ukiingia jikoni siku ya harusi tangu alfajiri kumenya ndizi na kupakua wali, umechangia kuliko wenye bahasha nene wengi. Atakayenuna, anune.

Sasa matumizi ya pili ya heshima, na haya yatakuuma zaidi kwa sababu unajivunia. Hisa. Kila Jumatano unaweka 10,000 kikundini ili usionekane umeyumba, huku asubuhi unakopa kwa riba ya asilimia 30. Hisa zako zote ni 340,000, na riba utakayokuwa umewapa kausha damu, kama nilivyosema, inazipita. Unajaza mtungi mmoja huku mwingine unavuja.

Vikundi hivi vina ukoo mzuri. Mwaka 1991 kule Niger shirika la CARE lilianza na wanawake waliokuwa wakiweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na mpango huo ukasambaa Afrika hadi kwetu. Havikuundwa ili mtu aje kila juma kuonyesha kwamba hana shida. Viliundwa kwa ajili ya siku ya shida. Wewe siku ya shida ilipofika ukamkimbilia mgeni mwenye daftari, ukawaacha wenzako wakidhani mambo yako ni shwari. Kwa nini? Uliona haya. Sikulaumu, ila nakutajia bei ya haya yenyewe.

Katiba za vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Isomeni ya kwenu, au mwombe katibu akusomee. Kama ni hivyo, wewe una nafasi ya kuongezewa. Lakini usichukue kubwa. Kwanza fungua lile daftari la madereva. Unasema huwezi kuwabana kwa kuwa ni wateja. Mwanangu, mtu anayekula wali nyama Lusahunga na kukuahidi kulipa akirudi kutoka Kigali ameshakukopa mtaji bila riba, wakati wewe mtaji huo umeukopa kwa 13,000 kwa siku. Namba zao unazo, wapigie. Waambie kwa upole kwamba kuanzia sasa chakula ni kwa fedha mkononi. Kati ya 140,000 tuseme utaambulia nusu, 70,000. Zinazobaki kwa yule wa kwanza ni 156,000. Pungufu ni 86,000, na hiyo ndiyo ya kuomba kikundini. Kama kwenu riba ni asilimia 10, kama vikundi vingi, utaongeza 8,600, tena riba hiyo mnagawana wenyewe siku ya kuvunja mzunguko. Na uwaambie kwamba kwa muda utanunua hisa moja tu.

Nenda na hiyo 156,000 kwa kausha damu wa kwanza kwa mkupuo na umwombe akupunguzie kwa kuwa unamaliza mapema. Akikataa, mlipe, achana naye. Chukua karatasi yako, au hati uliyoweka rehani, mbele ya shahidi. Kuanzia kesho yake rejesho ni moja tu, 10,000, na hilo kibanda chako kinaliweza kwa siku 20. Siku hizo zikiisha, usikope hata akupigie simu kukupongeza. Watakupigia. Mteja anayelipa vizuri ndiye wanayemtafuta.

Tena ujue unashughulika na nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, hata akiwa mtu mmoja mwenye mkoba, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa watoa mikopo wa aina hiyo: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 ni 10,500. Wewe unalipa 90,000. Muulize leseni yake kwa adabu, uone uso wake. Hii haina maana kwamba ukimbie deni. Fedha uliyopokea ni ya watu na itarudi. Lakini akija na vijana kubeba sufuria zako, usilie peke yako. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, waje na maandishi yao. Na mikopo ya kubofya kwenye simu usiiguse: Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hiyo 18,000 unayodaiwa na mtandao lipa mara moja uimalize, kwa sababu kila mteja akikutumia fedha ya chakula, mtandao unaila kabla hujaiona.

Mwenye duka mpelekee chochote, hata 3,000 kwa juma, na salamu. Hana riba, ana kinyongo tu, na kinyongo hupungua mtu akionekana.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, mikopo isiyo na riba ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Ni nzuri, ila ni ya vikundi na ni ya mradi. Ukiichukua kulipia kausha damu, utawaingiza wenzako wote shimoni. Subiri uwe safi, kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nyumbani pa kubana papo, ila si pale ulipobana. Mkaa wa kopo kila siku ni ghali kuliko gunia, na gunia moja mnaweza kugawana na jirani. Mafuta ya kupimiwa kwenye kikombe, vocha za mia tano tano, sabuni ya kipande, vyote hivyo maskini hulipa zaidi ya tajiri kwa sababu ananunua kidogokidogo. Mahindi nunua debe wakati wa mavuno, usingoje yapande. Lakini hayo yanahitaji fedha ya pamoja, ndiyo maana yanakuja baada ya marejesho. Kitu kimoja anza nacho leo: mkebe wa kibanda na mkebe wa nyumbani isiwe mmoja. Watoto wakila kibandani, andika. Huwezi kujua faida ni 20,000 kama hujui nyumbani mmekula ya shilingi ngapi humohumo.

Nimebakiza baba watoto kwa makusudi. Mwambie kabla ya Jumatano. Usimwambie usiku mkiwa mmechoka, wala mbele ya mama yake. Mwekee daftari mbele yake na useme, "Nimekosea kukuficha, hesabu ndiyo hii." Atakasirika. Dada yake ndiye aliyefanyiwa sendofu, na heshima iliyolipiwa ni ya kwake pia. Hilo atalifikia mwenyewe, usimtangulie. Akishapoa, naye afungue lake: mkataba wa pikipiki umebaki miezi mingapi, na zile siku za "hakuna kitu" huwa kuna nini. Mnaendesha nyumba moja kwa madaftari mawili yaliyofungwa. Akisikia kwanza kwa mtu wa rejesho aliyesimama mlangoni, hapo sitakuwa na la kukusaidia.

Na uji wa watoto urudishie maziwa na sukari kuanzia kesho. Siku ukiandika tena, nieleze kikundi kilisemaje.

Shangazi