Kulipa Deni la Nyumba Kabla ya Siku Zake

Somo kwa wenye nyumba, na kwa waalimu wanaowafundisha wachumba

Mtu apitaye leo kutoka Ngaramtoni hata Usa River ataona nyumba mpya nyingi kila upande wa barabara. Zamani kijana wa Meru alijenga katika kihamba cha baba yake, na ndugu zake wakamsaidia. Siku hizi vihamba vimegawanywa mara nyingi hata vimekuwa vidogo, na vijana wetu hununua viwanja mjini na kandokando ya mji. Hujenga kwa tofali na bati, na wengine hujenga kwa fedha ya mkopo, nao huweka nyumba yenyewe iwe rehani mpaka deni liishe.

Hatusemi ya kuwa jambo hili ni baya. Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, alihesabu nyumba na shamba na fedha pamoja na chakula. Lakini wazee wetu walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Siku ya kupokea fedha ni ya furaha, na siku za kulipa ni nyingi. Basi katika somo hili twataka kuonyesha jinsi mume na mke wawezavyo kutunza fedha ya nyumba yao, na kulimaliza deni kabla ya siku zake, pasipo kuwatia watoto njaa.

1. Rehani ni nini

Watu wa Meru hawana haja ya kufundishwa thamani ya ardhi. Mwaka 1951 serikali ya wakati ule iliwaondoa watu wa Ngare Nanyuki kwa nguvu katika mashamba yao. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuleta shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wale walipoteza ardhi kwa mkono wa wengine. Ingekuwa huzuni kubwa kama sisi tungeipoteza kwa mkono wetu wenyewe, kwa kutia sahihi karatasi tusiyoielewa.

Rehani ni ahadi. Mwenye kukopa humwambia mkopeshaji, Nikishindwa kulipa, uza nyumba hii ujilipe. Ahadi hii haifi kwa sababu mtu ameugua au ameachishwa kazi. Kwa hiyo twawashauri watu wasiweke rehani kihamba wanamoishi wazazi na ndugu, wala mahali walipozikwa wazee, kwa ajili ya kujenga nyumba ya mtu mmoja mjini. Nyumba inayojengwa na ibebe deni lake yenyewe.

Tena, hili si la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaka ridhaa hiyo. Mume amfichaye mkewe deni amevunja sheria, na zaidi ya hayo amevunja imani ya nyumba yake. Mke atie sahihi baada ya kusomewa kila neno, wala asitie kwa kuogopa.

Yafaa kukumbuka pia ya kuwa mikopo ya namna hii haikuwa mingi kwetu siku zote. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikafungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baadaye watu walijenga kidogokidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya juu ya mikopo ya nyumba, na tangu hapo mabenki yameanza tena kukopesha. Ndiyo maana wazazi wengi hawana mazoea ya jambo hili ya kuwapa watoto wao, na kila nyumba hujifunza kwa kuumia.

2. Jinsi riba ilavyo

Na tufanye hesabu. Tuseme mwalimu wa shule na mkewe, wakaao Tengeru, wamekopa shilingi 20,000,000 kwa miaka 15, na riba ni 15 kwa mia kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya deni lililobaki. Kila mwezi watalipa shilingi 280,000, kasoro kidogo sana.

Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 250,000. Katika ile 280,000 waliyolipa, ni shilingi 30,000 tu iliyopunguza deni lenyewe. Wakilipa mwaka mzima watakuwa wametoa shilingi 3,360,000, na deni litakuwa limepungua kwa shilingi 385,000 hivi. Wakiendelea hivyo miaka 10, watakuwa wametoa zaidi ya shilingi milioni 33, na bado watadaiwa karibu milioni 12. Mwisho wa miaka 15 watakuwa wamelipa zaidi ya milioni 50 kwa ajili ya milioni 20 walizopokea.

Asomaye asikate tamaa, maana hesabu hiyohiyo ndiyo inayotuonyesha njia. Ikiwa rejesho la kwanza hupunguza deni kwa shilingi 30,000, basi mtu aongezaye shilingi 50,000 juu yake amepunguza 80,000. Na kila shilingi iliyoondolewa katika deni leo haitazaa riba tena hata mwisho.

Sasa tupime. Kama mwalimu huyu na mkewe wakianza mwaka wa pili kuongeza shilingi 50,000 kila mwezi, watamaliza deni kwa miaka 10 na miezi michache, yaani karibu miaka 5 kabla ya siku zake, nao wataokoa karibu shilingi milioni 11. Lakini wakingoja mpaka mwaka wa 11 ndipo waongeze 50,000 ile ile, wataokoa kama milioni 1 tu na laki 1. Nyongeza ni moja, faida si moja. Katika miaka ya kwanza riba ina meno makali, na hapo ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa.

3. Fedha ya kuongeza hutoka wapi

Wengi watasema, Sisi hatuna 50,000 ya kuongeza. Twawajibu, Je, mmeandika? Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anasema habari za mtu atakaye kujenga mnara, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Daftari la nyumba ndilo kuketi huko. Linunuliwe daftari moja, liwekwe mahali ambapo mume na mke hulifikia wote wawili, na kila jioni iandikwe fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, hata shilingi 500 ya mboga.

Turudi kwa wale wa Tengeru. Mshahara wa mume unaomfikia ni 620,000. Mke hushona nguo na kuuza maziwa, hupata 280,000. Jumla ni 900,000. Wakagawa hivi: rejesho la deni 280,000, chakula 220,000, nauli 70,000, mahitaji ya shule 80,000, maji, umeme na mkaa 50,000, sadaka 90,000, wazazi na michango 40,000, akiba 20,000. Jumla ni 850,000, na imebaki 50,000.

Hapo kwanza hiyo 50,000 haikuonekana. Ilikwenda kwa bodaboda siku ambazo mguu ungefika, kwa soda, kwa vocha za simu, na kwa michango ya arusi iliyotolewa kwa kuona haya. Hakuna mtu aliyeiiba. Ilikuwa haijaandikwa tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia.

Juu ya michango twataka kusema waziwazi, maana hapa nyumba nyingi hugombana. Kusaidiana ni desturi njema ya watu wetu, na asiyechangia jirani atazikwa na nani? Lakini kuna tofauti kati ya msiba na kamati ya arusi itakayo ukumbi mkubwa. Nyumba yenye deni ipange kiasi chake mwanzo wa mwezi, na kiasi kikiisha, iseme kwa upole, Mwezi huu tumefika mwisho. Anayetupenda atatuelewa. Na wazazi walioko mlimani waambiwe habari za deni, wasije wakadhani ya kuwa mtoto wao ana fedha naye amewasahau.

Watu wenye kahawa na ndizi wana hesabu ya namna nyingine. Ndizi na maziwa huleta fedha kidogo mwaka wote. Kahawa huleta fedha nyingi kwa wakati mmoja. Yafaa fedha ndogo ya kila wiki iwe ya chakula, na fedha ya kahawa igawanywe siku ileile inapopokewa, kabla haijazoea mfuko: sehemu ya mbolea na dawa za msimu ujao, sehemu ya shule, na sehemu ipelekwe kupunguza deni.

4. Akiba kwanza, nyongeza baadaye

Mtaona ya kuwa tulisema waanze kuongeza mwaka wa pili. Kwa nini si wa kwanza? Kwa sababu fedha iliyokwisha kulipwa benki hairudi mtoto akiugua. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipowazuia wageni, watu wengi wa Arusha waishio kwa kazi ya utalii walikosa mapato kwa ghafula. Tarehe ya rejesho haikungoja wageni warudi.

Basi katika mwaka wa kwanza watu wa Tengeru huweka 50,000 ile pamoja na 20,000 ya akiba. Baada ya miezi 12 wana shilingi 840,000, ambayo ni marejesho ya miezi mitatu. Fedha hii isiguswe kwa arusi wala kwa televisheni. Ni ukuta wa nyumba kama kuta nyingine. Ukuta ukiisha kusimama, ndipo nyongeza ianze.

Asiye na akiba, siku ya shida hukimbilia mikopo ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Kulipa deni la riba ndogo kwa deni la riba kubwa ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Hata fedha ya kikundi, kama VICOBA, isichukuliwe kwa kulipa rejesho la benki, isipokuwa mtu amekwisha kujua itarudi kutoka wapi.

5. Maneno ya kumwuliza mkopeshaji

Kabla ya kutia sahihi, na tena kabla ya kuanza kuongeza, mume na mke waende pamoja wakaulize haya, nao waombe majibu kwa maandishi:

Riba yahesabiwa juu ya deni lililobaki, au juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho? Maana kama ni juu ya mkopo wote, asilimia ileile ni mzigo mzito zaidi, na hesabu yetu ya juu haitafaa.

Je, riba yaweza kupandishwa katikati ya miaka?

Je, kuna malipo au adhabu kwa mtu alipaye kabla ya siku zake?

Fedha ya nyongeza itapunguza deni lenyewe, au itawekwa tu kuwa rejesho la mwezi ujao? Mtu aseme wazi kwamba ataka ipunguze deni, na kila mwaka aombe karatasi ya salio alinganishe na daftari lake.

Na deni likiisha, kazi bado haijaisha. Mtu adai hati yake, tena ahakikishe ya kuwa rehani imefutwa katika daftari la Msajili wa Hati. Risiti zote zitunzwe mahali pakavu, na mke ajue zilipo, na mtoto mkubwa pia.

6. Mwisho

Tumeandika mengi juu ya hesabu, lakini nyumba haiangushwi na hesabu peke yake. Huangushwa na siri. Mume afichaye deni, mke afichaye akiba, hao wawili hukaa chini ya bati moja wakiwa na nyumba mbili. Daftari lililo wazi juu ya meza hufanya kazi ambayo maonyo mengi hayawezi kuifanya. Watoto nao waonyeshwe, wajue kwa nini mwaka huu hakuna viatu vipya vya Krismasi, na wafurahi pamoja na wazazi salio linaposhuka. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hii huponya zaidi ikinywewa mapema.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

1. Je, katika nyumba yetu ni nani ajuaye deni lote? Kwa nini mwingine hajui?
2. Tumetumia kiasi gani kwa michango mwezi uliopita? Ni ipi iliyokuwa ya lazima?
3. Mapato yakikoma leo, twaweza kulipa marejesho ya miezi mingapi?
4. Wachumba wafundishwe nini juu ya fedha kabla ya siku ya arusi?